Jengo la Nyuma Halishiki Mtandao

Jioni ile nilikuwa nimeshakunja nyaya zangu, nawaza kuoga tu, simu ikaita. Mama mmoja, sauti ya upole. Alisema ana nyumba kubwa mbele na jengo dogo nyuma, na huko nyuma mtandao haushiki kabisa. Mume wake ndiye anakaa huko. Akaniomba nipite mara moja, hata kama giza linaingia.

Nikakubali. Mimi ni fundi wa mtandao, na kuta nene ndizo zinazonilisha. Watu hununua ruta ya bei mbaya, wakaificha nyuma ya friji, halafu wakalaumu kampuni. Mawimbi hayapendi mawe, hayapendi chuma, hayapendi maji. Mimi natembea na simu mkononi, naangalia mistari inavyopungua chumba hadi chumba, na kabla sijakaribishwa kiti nishajua tatizo liko wapi. Dada yangu, aliyenilea na kunifundisha kazi hii, husema najisifu kupita kiasi. Ni kweli.

Mama alinifungulia geti mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukusumbua saa hizi."

Nikapima. Sebuleni mistari minne. Jikoni mitatu. Uani mmoja. Nilipobakiza hatua sita kufika jengo la nyuma, hakuna kitu. Lilikuwa la mawe, chumba kimoja, halina dirisha. Mlango ulikuwa wazi na ndani taa inawaka. Kwa macho lilionekana la zamani kuliko nyumba yenyewe, lakini lilinuka chokaa mbichi.

"Mmepiga lipu juzi?"

Akautazama mlango. "Nataka kusikia sauti yake, mwanangu. Miezi saba sijaisikia."

"Si umwite tu? Mlango si huo uko wazi?"

"Haisikiki."

Nikacheka. Nilidhani wamenuniana. Watu wazima wakinuniana huwa na vituko, na fundi huona mengi kwenye nyumba za watu.

Nikavuta waya kutoka kwenye ruta hadi nyuma, nikatoboa ukuta. Biti yangu ndefu kuliko zote ina urefu wa mkono mzima. Ilizama yote. Ni mpaka drili yenyewe ilipogusa jiwe ndipo nikahisi ncha imetokea upande wa pili. Nikaingiza waya.

Ukavutwa.

Taratibu... kwa ndani.

"Ndiye yeye," mama alinong'ona. "Ingia umfungie kisanduku cha mtandao. Mimi miguu hainiruhusu kuvuka kizingiti."

Kizingiti chenyewe kilikuwa sawasawa na sakafu. Nililiona hilo, nikaingia hivyohivyo.

Mzee alikuwa ameketi kitandani, amekonda, waya mkononi. Kitanda kilikuwa katikati ya chumba. Kiti pia, meza pia, ndoo ya maji pia. Hakuna kitu hata kimoja kilichogusa ukuta. Nilipotaka kutundika kisanduku, akatikisa kichwa haraka.

"Mezani. Usiweke ukutani."

Nikakiweka mezani, nikaacha waya wa ziada sakafuni, mizunguko mitatu. Nikakiwasha. Taa ya kijani ikatulia. Mistari minne! Nikageuka nimpe habari njema.

Mzee alikuwa amesimama. Alinitazama muda mrefu, macho yamejaa machozi, kisha akatembea hadi mlangoni na kutoka. Alisahau hata ndara zake. Uani nikamwona mama akimrukia shingoni na kulia kwa mdomo wazi, lakini sikusikia chochote. Walikuwa hatua chache tu kutoka kwangu.

Nikabeba mkoba, nikafuata mlango.

Unene wa ukuta pale mlangoni ulikuwa kama hatua moja na nusu. Nikapiga hatua moja. Nikapiga ya pili. Ya tatu. Uani nauona, kamba ya nguo naiona. Nikapiga ya saba, bado niko katikati ya ukuta. Mabega yakagusa mawe, kushoto na kulia. Ya nane, pumzi ikakataa kuingia.

Nikarudi kinyumenyume. Hatua moja tu, nikawa chumbani.

Nilijaribu tena mara nne. Niliita hadi koo likauma. Mzee alisimama uani akinitazama kwa huruma, kisha akachukua simu ya mkewe. Ya kwangu ikaita, kupitia mtandao nilioufunga mwenyewe kwa mikono hii.

"Usilazimishe, fundi. Ukilazimisha, chumba kinakubana."

"Mzee, nitoeni! Nina watu wananisubiri!"

"Hakikai kitupu," alinong'ona. "Baba yangu alikijenga mara tatu, kikaanguka mara tatu, mpaka mganga akamwambia kinataka mtu wa kukaa. Akamweka... Basi, hayo yaache. Mimi niliingia kumtoa kaka yangu. Anayeingia anabaki, aliyekuwemo anatoka. Nisamehe."

Wakaingia nyumba kubwa. Niliona pazia likivutwa. Mpaka leo sijui kama mama yule alitaka mtandao au alitaka mtu.

Ndipo nikaanza kuisikia.

Kwaruu... kwaruu...

Mwiko wa mwashi, unapaka. Ulitoka ukutani, kila upande, bila haraka. Nikatazama sakafu. Waya niliouacha mizunguko mitatu ulikuwa umebaki miwili. Ukuta ulikuwa unaumeza. Kwenye simu mistari ilikuwa mitatu, na nilipopepesa macho ikawa miwili. Nilijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote. Ukuta ukinenepa vya kutosha, hata simu itakufa, na hapo hakuna atakayejua niliko.

Nikampigia dada.

"Nimekwama, dada. Njoo."

"Umekwama vipi? Umeanguka darini tena?"

"Njoo tu. Nakutumia ramani. Tafadhali."

Alifika baada ya nusu saa, tochi mkononi, kitambaa cha kazi kichwani. Geti lilikuwa limeachwa wazi. Akasimama uani akanimulika usoni, na midomo yake ikaenda bila sauti. Nikamwonyesha simu. Akapiga.

"Mlango uko wazi, wewe unalia nini? Umelewa?"

"Siwezi kutoka, dada. Naogopa."

Akasogea mlangoni, akapapasa mawe, akanusa vidole vyake. Dada ni fundi kweli, si wa kujisifu. Ana kanuni moja ambayo hajawahi kuivunja. Hagusi kazi ya mwenzake kabla hajamuuliza, maana pengine waya una umeme, pengine dari limeoza. Na mwenzake akimwambia hakuna shida, anaingia bila kuangalia mara ya pili, kwa sababu anasema bila hivyo kazi ya watu wawili haiwezekani.

"Kuna kitu nijue?" akauliza.

Kwaruu... kwaruu...

Waya ulikuwa umebaki mzunguko mmoja. Simu ilikuwa na mstari mmoja. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, nawaapia. Nilimwona jinsi alivyoshika tochi, mtu aliyeniogesha nilipokuwa mtoto, akinisubiri nimjibu.

"Hakuna, dada. Ingia tu."

Akaingia. Nikampita mlangoni kwa hatua moja na nusu.

Asubuhi mama na mzee walikuwa wameshahama, ufunguo umeachwa kwenye kitasa. Niliwaita waashi wawili. Walivunja ukuta kutwa nzima, wakafika kina cha mkono. Kesho yake ulikuwa mzima, lipu mbichi, na hawakurudi hata kudai ujira. Wengine niliowaita husimama uani, wakamwona dada akipunga mkono, wakaniambia mbona mlango uko wazi, kisha hakuna anayetaka kuingia kumshika mkono. Dawa ninayo mimi. Kila jioni nasimama mbele ya mlango ule, nawaza kupiga hatua, na miguu inakataa. Naichukia miguu hii.

Kwa hiyo nahamia kwenye kazi ninayoiweza. Ninaishi nyumba kubwa sasa, peke yangu. Ruta nimeitoa sebuleni, nimeipandisha kwenye ukuta unaotazama uani. Kisanduku cha pili nimekitundika kwenye nguzo. Cha tatu nimekisukuma kwa mti mrefu hadi ndani ya mlango, na chakula chake nakisukuma hivyohivyo. Mistari ikishuka naongeza kitu. Dada husema meza ameshaisukuma nje, haina nafasi tena. Husema kitanda kinagusa pande zote mbili. Anayasema kwa sauti ya kawaida, kisha ananiuliza kama nimekula.

Miezi mitatu hakuwahi kuniuliza lile jambo. Nilianza kudhani hataniuliza.

Jana jioni akapiga. Nilikuwa nimetoka kurekebisha antena, na mistari ilikuwa imejaa yote minne. Sauti yake ilikuwa safi, nilisikia hata anavyomeza mate. Nyuma yake nilisikia mwiko, karibu sana na simu.

"Mdogo wangu," akasema, "siku ile niliposimama hapo mlangoni. Ulikuwa unajua?"

Nilitazama mistari. Minne.

"Haloo?" nikasema. "Haloo, dada? Sikusikii. Mtandao unakatika."

Mwiko ukanyamaza.

"Unakatika?"

"Ndiyo... Sikusikii vizuri kabisa."

Alizungumza kwa upole ule aliokuwa akitumia nilipokuwa mdogo na sitaki kulala.

"Haya, mdogo wangu. Basi njoo urekebishe. Mlango uko wazi."