Vibanio Kumi na Tano

Mama ni msusi. Saluni yake ina viti viwili, sinki moja na kompyuta kuukuu ya binti yake anayesoma chuo. Mikono ikishashika nywele, mama huisahau saa ya ukutani.

Kwa hiyo binti aliandika programu ya kuhesabu dakika. Dawa ya kulainisha nywele ikae kichwani dakika kumi na tano tu. Zikiisha, kompyuta ilie.

Haikulia.

"Wifi! Kichwa kinawaka moto!" shangazi yake binti, aliyepakwa dawa, alipiga kelele.

Mama alimkimbiza kwenye sinki. Nyuma ya sikio ngozi ilikuwa imechubuka.

"Mara ya pili wiki hii!" mama alisema. "Ikifika ya tatu, hiyo kompyuta naifanya kigoda."

"Mama, nimeiambia ihesabu!"

"Basi ni kiziwi. Au wewe ndiye bubu."

"Nimekuja kupendezeshwa," shangazi alilia, "si kuchemshwa!"

Fundi saa wa duka la jirani alisikia kelele, akaja. Alichukua vibanio kumi na tano vya nywele, akavipanga juu ya taulo.

"Kila kibanio ni dakika moja," alisema. "Mimi ndiye kompyuta. Nisomee ulichoniagiza, kwa maneno ya kawaida."

Binti alishusha pumzi. "Weka dakika kumi na tano. Kama bado zipo, subiri dakika moja, kisha angalia tena. Zikiisha, lia."

Fundi akaangalia vibanio. Akasubiri. Akaangalia tena. Akasubiri. Akapiga mwayo.

"Mzee, si uondoe kimoja!"

"Nani kaniambia?"

"Lakini dakika imepita! Kila mtu anajua!"

"Kila mtu, ndiyo. Kompyuta si mtu, binti yangu."

Shangazi alicheka ndani ya taulo. "Kumbe ningekaa na dawa hadi kiama!"

Binti aliona aibu. Alichukua karatasi, akaandika upya:

Weka dakika 15.
Maadamu dakika zimebaki, rudia haya:
   subiri dakika moja;
   ondoa dakika moja.
Zikiisha, piga kengele.

"Anza hivi kila mara," fundi alisema. "Karatasi kwanza, kompyuta baadaye. Na ujaribu kwa vibanio vitatu, usijaribu kwa kichwa cha shangazi yako."

Walijaribu. Kibanio cha tatu kilipoondoka, fundi alisema, "Kriii!" Ndipo binti akaiandikia kompyuta.

Kesho yake mteja mwingine alipakwa dawa. Mama alimsuka mwingine kwenye kiti cha pili, huku akiiibia saa ya ukutani jicho. Dakika ya kumi na tano, kompyuta ililia. Mama alishtuka, akaacha msuko nusu, akaenda kuosha. Ngozi ilikuwa salama.

Jioni binti aliikuta karatasi yake imebandikwa kwenye kioo. Chini yake palikuwa na mstari mpya, kwa mwandiko wa mama:

Ikilia, mama aache kusuka, aoshe.