Nyongeza ya Mchicha

Jua lilikuwa linazama fundi wa nguo alipobeba kikapu kwenda soko la wakulima, pale uwanja wa shule, ambako kila Jumamosi watu wa mashamba huleta mazao yao mjini. Alikwenda amenuna. Mama yake, asiyeona tena, alikuwa ameisukuma sahani.

"Nitamsubiri Kipusa na mchicha wake," mama alisema. "Mkono wake una baraka."

Kipusa! Mdogo wake, wa ofisini, anayekuja mara moja kwa wiki na manukato yake. Nani anamwogesha mama? Fundi. Nani anafua mashuka? Fundi. Lakini sifa zote za Kipusa. Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na fundi alikuwa amekonda mpaka magauni aliyojishonea mwenyewe yakampwaya.

Wauzaji walikuwa wanafunga magunia. Mwisho kabisa wa safu, nyuma ya muuza viazi, alikaa mwanamke mwenye mchicha. Majani yalikuwa yanadondosha maji, na ndoo haikuwapo. Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ilimpanda fundi puani.

"Wewe ndiye dada yake Kipusa," mwanamke alinong'ona.

Fundi alishtuka, ila wivu ukatangulia. "Basi na nyongeza unipe kama yake. Sitaki vijani viwili vya kulishia sungura."

"Nyongeza haitoki kwangu, dada. Nikimwongeza mmoja, nimempunguza mwenzake."

"Mpunguze yeye."

"Kiasi gani?"

Fundi angeweza kucheka. Angeweza kujiambia ni maneno ya sokoni tu. Lakini moyoni alijua hawazungumzii mchicha...

"Chukua yote."

Mwanamke aliingiza mkono chini ya kitambaa, akatoa fungu dogo. Lilikuwa na joto.

Joto la mwili.

Jioni ile mama alikula mpaka akalamba vidole. Kisha akampapasa fundi usoni, polepole. "Mwanangu," alisema. "Kumbe ni mikono hii inayonitunza siku zote." Fundi alilia kwa furaha. Maneno hayo aliyangoja tangu utotoni.

Ngo... ngo... ngo...

"Mama! Dada! Nimechelewa, nifungulieni!"

Mama alikunja uso. "Nani huyo?"

"Ni Kipusa, mama."

"Kipusa gani? Mimi nina mtoto mmoja tu. Wewe. Usifungue."

Fundi alikwenda akashika komeo. Angelivuta tu, mdogo wake angeingia. Nyuma yake mama akaita, kwa sauti ambayo hakuwahi kumwitia, "Njoo ukae nami, kipenzi changu."

Akaliachia.

Nje, sauti ilishuka. "Dada... jirani hanijui. Dada... mimi ni nani?"

Kisha nyayo zikaenda zao.

Wiki nzima fundi alidekezwa kama kitindamimba, lakini furaha haikumkaa. Kila akijilaza alilisikia swali lile mlangoni. Mdogo wake, damu yake! Jumamosi jioni alirudi sokoni mbio, amwombe yule mwanamke amrudishie Kipusa japo nusu.

Hakukuwa na mtu. Udongo tu, umelowa.

"Hapo hakai mtu," muuza viazi alimwambia. "Ila muda kidogo uliopita kulikuwa na binti ameinama hapo, analia, ananong'ona peke yake. Alikuwa anarudia neno moja tu. Yote, yote, yote. Kaondoka amekumbatia mchicha, wala sijui kautoa wapi."

Fundi alikimbia.

Mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa kwa ndani. Dirishani ilitoka harufu ya mchicha unaoiva, na ya manukato. Mama alikuwa anacheka.

Fundi aligonga. "Mama! Ni mimi, nifungulie!"

Kicheko kilikatika.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

Nyayo nyepesi zilikuja mpaka mlangoni, zikasimama. Fundi aliweka kiganja kwenye ubao. "Mdogo wangu," alinong'ona. "Nisamehe. Fungua."

Komeo lilitikisika kidogo...

Likaachiwa.