Mchumba wa Kasaine

Mhudumu aliwaletea soda tatu. Namnyaki akamwambia wako wawili tu, na yule binti akakitazama kiti kitupu cha kushoto, akaomba radhi, akaondoka na chupa moja bila kugeuka nyuma. Joel, mwanamume aliyekuja kuonana naye siku hiyo, alikunywa yake harakaharaka, akasema anatoka nje kupokea simu. Hadi leo anaipokea.

Namnyaki alikuwa muuza dawa wa Levolosi, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Wanaume wa mtandaoni aliwajua kama alivyojua vidonge: huyu ana mke Moshi, huyu hutuma "mambo mrembo" kwa wanawake ishirini kwa mkupuo, huyu huchati wiki nzima, mkipanga kuonana anafiwa na shangazi. Hao alishawazoea. Waliomtesa ni wale wazuri, waliokuja kweli, wakakaa dakika kumi na kukimbia. Kila mmoja alipokimbia ilibaki harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa, harufu ya kwao Uarushani, ingawa hapo walipokaa hapakuwa na kibuyu wala maziwa.

Tabitha, mwenzake wa dukani, alisema hilo ni jini mahaba, akampeleka kwenye maombi. Jini likahudhuria ibada yote, wakarudi nalo nyumbani Elerai.

Kisha akatokea Nathanael, mwalimu wa Makumira, mtu wa kujibu ujumbe na kufika kabla ya saa aliyoahidi. Huyu Namnyaki alimtaka, alimtaka mpaka akaogopa. Waliketi bustanini mchana kweupe, na hata hawajamaliza kusalimiana harufu ikaja, nzito safari hii, ikamkaa kooni, na majani makavu upande wake wa kushoto yakakanyagwa hatua moja, kisha nyingine, kisha kitu kikaketi karibu naye taratibu, kama mtu aliyekaa hapo miaka yote, na pumzi ya baridi ikampita shingoni huku jua la saa nane likiwaka, naye asithubutu kugeuza hata jicho.

"Huyu kijana anasema wewe ni wake," Nathanael alinong'ona. "Anasema alikupata kabla hujazaliwa."

Mama yake Namnyaki, alipoulizwa, alilia kwanza ndipo akasema. Mimba yake ilichumbiwa. Rafiki wa baba aliapa kwamba akizaliwa binti, ni wa mwanawe Kasaine. Kasaine alichukuliwa na mto akiwa na miaka saba, na wazee wakaona kifo kimemaliza maneno. Hakuna aliyekumbuka kumwambia marehemu.

Namnyaki akapanda hadi kwa mama wa Kasaine, Nalepo, kikongwe aliyeishi peke yake magharibi mwa Mlima Meru. Akaamkia, akaeleza yote, akamwomba amwite mwanawe arudi nyumbani. Nalepo akavuta kibuyu cha maziwa karibu.

"Amekua?"

"Wanaomwona wanasema ni kijana, yeyo," Namnyaki akajibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Kwangu hajaja hata siku moja."

Akamimina maziwa bakulini, akaliweka mlangoni, akamwita mwanawe kwa Kimaa mara nne, sauti ikimkatika. Namnyaki akahisi ubavu wake wa kushoto umekuwa mwepesi, akalia kwa furaha njia nzima ya kurudi.

Jumapili iliyofuata Nathanael alikuja, akacheka, akakaa mpaka jioni, akasema atapiga simu. Hakupiga. Ujumbe wa Namnyaki ulisomwa, ukaachwa. Wiki ya tatu akaona picha ya Nathanael mtandaoni, yeye na mwanamke mwenye pete mpya, watu wakiwapongeza. Safari hii hapakuwa na jini la kulaumiwa.

Alikaa kitandani na chai iliyopoa. Mtu mmoja tu hakuwahi kumkimbia. Aliona aibu kuliwaza hilo, lakini upweke ulimuuma kuliko aibu, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kasaine," akaita, polepole, mara moja tu.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya Nalepo, waliyopeana siku ile ya maziwa.

"Binti yangu, umemwita?" Kikongwe alikuwa akihema. "Alikuwa amekaa hapa anakula. Ameinuka sasa hivi, ametoka. Mwambie arudi amalizie chakula, binti yangu. Nakuomba."