Aliyekuwa Akibonyeza

Ilianza na sukari. Mwalimu hakuwa mtu wa sukari. Tangu wamejuana na mkewe alikuwa akinywa chai yake chungu hivyo hivyo, na anayemtilia walau punje alikuwa anamtafutia ugomvi. Sasa asubuhi ile akavuta kopo, akachota, akakoroga, akanywa huku anasoma gazeti, wala uso haukukunjamana.

Mkewe alikuwa amempakata mtoto. Akamtazama weee, mwisho akashindwa.

"Baba, leo vipi? Umeanza sukari?"

"Nimeanza?" Mwalimu akageuza ukurasa. "Mbona siku zote natia."

Mwingine angecheka yakaisha. Huyu hakucheka, na mimi simlaumu hata kidogo. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kwa dada yake mkubwa, alikokwenda kujifungua kwa sababu mama yao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mwanamke aliyemwacha mumewe peke yake nyumbani muda wote huo, akarudi akamkuta na ladha mpya mdomoni, haulizi habari za sukari. Anajiuliza ni nani aliyekuwa akimpikia hiyo chai.

Mwalimu alifundisha elektroniki chuo cha ufundi, enzi ambazo maikroprosesa ndiyo kwanza inaingia na watu wanaizungumzia kwa sauti ya chini kama habari za utajiri wa ghafla. Chuo kilipata bodi moja tu ya kujifunzia, tena ya mtumba, kutoka chuo kingine kilichofungwa. Ilikuwa sahani ya kijani, ukubwa wa sinia dogo. Katikati kimekaa kidude cheusi chenye miguu mingi kama jongoo, huo ndio ubongo wenyewe. Pembeni kuna vitufe vya tarakimu na vya herufi A mpaka F, na juu yake kidirisha kinachowaka namba nyekundu. Mwalimu aliruhusiwa kukaa nayo nyumbani aandae somo la kuonyesha wakaguzi: taa za barabarani za kuchezea, zinazojiwasha na kujizima zenyewe.

Kuiambia bodi hiyo la kufanya ilikuwa adhabu. Kila agizo ni namba, na kila namba inaingizwa kwa kidole, moja baada ya moja, mamia kwa mamia. Mtu mmoja hawezi kusoma kitabu na kubonyeza kwa wakati mmoja bila kukosea. Kwa hiyo, tangu siku za uchumba, walikaa wawili. Mwalimu alikuwa msomaji. Mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga chapa ofisini na vidole vyake vilikimbia kuliko macho ya mtu, alikuwa mbonyezaji. Ndiyo maana Mwalimu akampa jina la Vidole, hata dada yake akamwita hivyo. Mwalimu alikuwa anauliza, "Tayari?" Vidole anajibu, "Tayari." Kisha namba zinamiminika. Wenzao walichumbiana kwa barua na picha za studio, wao walichumbiana kwa namba, na walikuwa wakicheka hadi majirani wanagonga ukuta.

Ubaya wa bodi ni mmoja. Umeme ukikatika, inasahau kila kitu. Kazi ya siku nzima inapotea, mnaanza upya.

Sasa aliporudi na mtoto, Vidole alikuta mlango wa chumba cha kazi unafungwa kwa ndani. Alasiri moja alikuwa anapita ukumbini na nepi mkononi, mtoto mgongoni, akasikia sauti ya mumewe huko ndani.

"Tayari?"

Halafu Mwalimu akaanza kusoma. Na kila aliposoma, vitufe vililia: tik, tik, tik.

Vidole akasimama. Moyo ulimwenda mbio, na nakwambia haukuwa woga, zilikuwa hasira. Kumbe! Nafasi yangu imeshapata mtu. Nimekwenda kuzaa, yeye ameleta mbonyezaji, tena ndani ya nyumba yangu, tena anajifungia naye. Akafikiria wanafunzi wa kike wote aliowahi kuwaona pale chuoni. Akainama kuangalia uwazi chini ya mlango, atafute viatu. Aliona vya mumewe tu. Akaweka jicho kwenye tundu la ufunguo.

Mwalimu alikuwa amekaa upande wake wa meza. Kitabu alikishika kwa mikono yote miwili. Anasoma, midomo inachezacheza, macho hayabanduki kwenye ukurasa. Upande wa pili wa meza kilikuwepo kiti cha Vidole, kimevutwa karibu na bodi kama kiti cha mtu aliyekaa, na hakikuwa na mtu. Na vitufe vinalia, tik, tik, tik, kwa mwendo ambao Vidole aliujua kwa sababu ulikuwa mwendo wake mwenyewe.

Nepi ilimponyoka.

Alipogonga, Mwalimu alifungua akiwa anatabasamu, jasho linamtoka. "Unasemaje?" Chumba kilinuka utomvu ulioungua, ile harufu ya kulehemu waya, lakini chuma cha kulehemu kilikuwa kimetundikwa ukutani na kilikuwa cha baridi. Vidole alijitia anatafuta kitu, akagusa kiti chake. Kilikuwa na joto.

"Nani alikuwa hapa?"

"Nani tena? Mimi."

"Na anayebonyeza?"

Mwalimu akacheka, halafu akaacha kucheka, kana kwamba swali limemfikia kwa kuchelewa. Kabla hajajibu umeme ukakatika. Mtaa mzima ukapiga mayowe, feni ikazunguka kwa uvivu ikasimama. Vidole akatazama bodi. Namba nyekundu zilikuwa zinawaka vile vile.

"Unaona?" Mwalimu akamnong'oneza, macho yanameta. "Haisahau tena! Wiki ngapi hizi, umeme unakwenda unarudi, kila kitu kipo."

"Mume wangu, hicho ni kitu cha kufurahia au cha kukimbia?"

Hakumsikia. Alikuwa amempokea mtoto, anamrusharusha juu kwa furaha. Halafu akamshika mbele ya uso wake, akamkagua.

"Hebu nikumbushe," akasema. "Huyu tulimpa jina gani vile?"

Vidole aliketi sakafuni. Jina lile walilichagua pamoja, lilikuwa la marehemu mama yake, na Mwalimu ndiye aliyeling'ang'ania. Akamtajia. Mwalimu akalirudia taratibu kama neno la kigeni.

Hapo akambana. Alilia, akatishia kuondoka na mtoto, mpaka Mwalimu akasema. Siku moja, Vidole akiwa bado kwa dada yake, yeye alichoka kukosea namba. Akakaa, akafungua kitabu, na kwa mazoea tu, bila kuwaza, akauliza chumba kitupu: "Tayari?"

"Nikajibiwa," akasema Mwalimu.

"Ukajibiwa na nani?"

"Nilidhani redio ya jirani."

"Ukafanya nini?"

"Nikasoma." Akainamisha kichwa. "Kazi ilikwenda vizuri mno, we... we..." Akawa analitafuta jina lake, jina alilompa mwenyewe, macho yanazunguka darini, na hakulipata.

Kuanzia hapo alipungua kila siku. Bodi ilivyozidi kujaa, ndivyo Mwalimu alivyozidi kuwa mtupu. Alisahau njia ya chuo, akarudishwa na muuza magazeti. Alisahau kwamba baba yake alishakufa, akamlilia upya. Siku moja Mwalimu amelala, Vidole aliingia chumba cha kazi, akaung'oa waya wa bodi ukutani kwa nguvu zote. Namba hazikuzimika. Alisimama na waya mkononi, unaning'inia kama mkia wa panya, na kwenye kidirisha zile herufi chache ambazo bodi inazijua zikajipanga moja moja mbele ya macho yake: B, A, B, A.

Ndivyo yeye alivyomwita mumewe kila asubuhi. Alitoka chumbani kinyumenyume.

Dada yake akamletea mtabibu, mwanamke wa makamo, mnene, miwani imefungwa kwa uzi. Alikaa kwanza, akaomba maji, akasikiliza.

"Kompyuta mimi siijui, msije mkaniuliza," akasema. "Majini nawajua. Huyu mmempa kiti na mmempa kazi. Analipwa kwa kumbukumbu za bwana wako."

"Nikiivunja?"

"Uvunje na vya mumeo vilivyomo? Usithubutu!" Akamsogelea, sauti ikashuka. "Kiti ni chako, kakae wewe. Yeye asome, wewe ubonyeze sifuri, kila mahali, mpaka pasibaki kitu. Asiye na kazi atatoka, na vya mumeo vitamrudia mwenyewe. Lakini hicho kidude chenu kikishakuwa kitupu ndipo pa hatari, maana kitupu kina njaa. Sikiliza vizuri: hapo ukiulizwa lolote, usijibu. Akikuita kwa sauti ya mama yako, usijibu."

Walifanya alasiri iliyofuata, mvua kubwa inanyesha na chumba kimekuwa giza. Mtabibu alifukiza ubani mlangoni, mtoto amembeba yeye. Dada alimwingiza Mwalimu kwa kumshika mkono, akamkalisha, kisha akatoka kwenda kukaa ukumbini. Mwalimu akamtazama Vidole kwa adabu.

"Samahani dada," akasema, "wewe ndiye mpiga chapa mpya?"

Ilimchoma. Hakuwahi kuumia hivyo, hata siku ya kumzika mama yake. "Ndiyo," akasema. "Nisomee."

Akakalia kiti. Joto lilimpanda mgongoni kama amekalia mapaja ya mtu, na ule utomvu unaoungua ukamjaa puani. Mwalimu akasoma, naye akabonyeza sifuri. Akasoma, akabonyeza. Mwanzoni vitufe vilikuwa vizito, kama kuna kidole kingine chini yake kinasukuma juu, kisha vikalegea, na Mwalimu akasoma kwa kasi zaidi, na mvua ikapiga bati kwa kasi zaidi, na Vidole akahisi pumzi kavu shingoni, inakwenda na mikono yake, inasubiri akosee, na alitamani kugeuka na hakugeuka, alitamani kupiga kelele na akauma ulimi, akaendelea sifuri juu ya sifuri huku machozi yanamdondokea vidoleni na kuvitelezesha, mpaka akasikia mumewe anafunga kitabu.

"Mwisho," Mwalimu akasema.

Akabonyeza ya mwisho. Kidirisha kizima kikawa sifuri. Chumba kikatulia, hata mvua ikawa kama imehamia mtaa wa pili. Na katika utulivu huo sauti ya mumewe, ile ya uchumba, ile yenye kicheko ndani yake, ikauliza kwa upole:

"Tayari?"

Moyo ulimruka kwa furaha. Amerudi! Mume wangu amerudi!

"Tayari," akasema Vidole.

Akainua kichwa. Midomo ya Mwalimu ilikuwa imefumba. Alikuwa ameduwaa, anatazama kitu kilicho nyuma ya bega la mkewe. Mlangoni chetezo kilimponyoka mtabibu. Kisha namba nyekundu zikazimika zote, na harufu ikakatika.

Mwalimu akapepesa macho. "Vidole!" akasema. "Mbona unalia, mama? Nani amekuudhi?"

Walikumbatiana hapo hapo, huyu analia, yule anauliza kulikoni. Alikumbuka baba yake, akakumbuka njia ya chuo, akakumbuka mpaka mzaha wa siku ya harusi. Dada alipiga vigelegele ukumbini. Mtabibu peke yake hakufurahi. Alimlaza mtoto, akaokota makaa yake polepole, na wakati wa kuvaa viatu akamvuta Vidole pembeni.

"Ulimjibu."

"Nilimjibu mume wangu."

Mtabibu akamtazama, akamtazama na mtoto. "Mungu akulinde, mwanangu," akasema, akaondoka bila kuigusa chai.

Asubuhi jua lilikuwa zuri. Mwalimu aliviringisha bodi ndani ya gunia airudishe chuoni na isirudi tena, akaiacha chumbani kwanza anywe chai. Alipoona kopo la sukari akalisukuma mbali kwa kidole. Vidole aliyekuwa anaosha vyombo alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha Mwalimu akamnyanyua mtoto juu, akamwita kwa jina lake, akambusu tumbo.

"Jina zuri hilo," akasema Vidole. "La nani?"

Mwalimu akacheka. "Ushaanza utani wako! La mama yako, la nani mwingine?"

Naye akacheka, ili asionekane mjinga. Akageukia vyombo, akajaribu kulikumbuka hilo jina ambalo limetajwa sasa hivi, akajaribu na uso wa mama, na hakuona kitu. Kule chumbani, ndani ya gunia, kitufe kikalia mara moja. Tik.

Akafuta mikono. Mumewe alikuwa anamchezesha yule mtoto, mtoto mzuri, mnene, macho makubwa, naye anamnyooshea Vidole mikono abebwe. Vidole akamtabasamia kama mtu anavyomtabasamia mtoto wa wageni, akajiuliza mama yake atakuja kumchukua saa ngapi.