Dozi Haipimwi kwa Futi

Asubuhi, fundi cherehani aliamka kabla ya mikono yake. Macho yalifunguka, mwanga ukapenya pazia, lakini vidole vilibaki usingizini. Vilikuwa vimevimba, vina joto, vimejikunja juu ya shuka kama vya mtu mwingine aliyelala kando yake. Ilimpasa avichovye kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kungoja. Mvuke ulipanda, chumba kikawa kama kimejaa ukungu. Kidole kimoja kilinyooka, kisha kingine.

"Leo wamechelewa kuamka," alisema mumewe, mpaka rangi, akivitazama vidole huku akifunga kamba za viatu.

"Wamegoma, baba watoto. Wanadai likizo."

Walicheka, lakini kicheko cha fundi hakikufika mbali. Cherehani ilikuwa chini ya dirisha, na juu yake shati lisilo na mikono bado. Siku vidole vitakapokataa kabisa kushika sindano, ufundi wake utakuwa umekwisha. Hofu hiyo alilala nayo na kuamka nayo.

Kwa hiyo alimeza vidonge vya kupunguza uvimbe na maumivu. Alivinunua dukani bila kuandikiwa na daktari. Mwanzoni vilimfaa. Siku hizi alikuwa akimeza viwili badala ya kimoja, mara nyingi kabla hajatia kitu tumboni. Uvimbe ulipungua, lakini tumbo likaanza kuwaka.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa mtafiti wa dawa. Watoto wa mtaa huo walimwita Mama Panya, kwa sababu kazi yake ilikuwa kujaribu dawa za mimea kwa panya weupe katika maabara. Naye aliitika bila kinyongo. Alasiri moja alileta sketi ipunguzwe kiuno.

"Panya wako hawajambo?" fundi alimuuliza, futi ikining'inia shingoni.

"Hawajambo. Wamekula, wamelala. Wana raha kuliko mimi."

"Hivi unawafanyia nini hasa?"

"Tunamchoma panya sindano ya kitu kinachovimbisha mguu wake wa nyuma, halafu tunapima uvimbe. Kundi moja linapewa maji tu. Kundi la pili linapewa dawa ya kawaida, kama hiyo unayomeza wewe. La tatu linapewa dawa tuliyochuja kutoka majani ya kichaka kile cha maua ya zambarau, kile cha kando ya mfereji. Anayepima hajui panya yupi kapewa nini, asije akapendelea."

"Halafu?"

"Uvimbe umeshuka. Na matumbo ya wale wa majani hayakupata vidonda kama ya wale wa dawa ya kawaida. Ila sasa, sikiliza..."

Simu yake ikalia. Aliitwa kazini, akatoka mbio, na maneno yake yakabaki hewani.

Fundi alirudi kwenye cherehani. Gurudumu lilizunguka, mlio wake ukawa mwororo, na katika mlio huo aliwaona panya weupe wamejipanga juu ya kitambaa, kila mmoja akinyoosha mguu apimwe. Akili yake ilikwenda kwa njia iliyozoea. Ukiwa na kielelezo cha kukatia gauni la mtoto, unakikuza: kifua unaongeza, urefu unaongeza, mpaka gauni limtoshe mama mtu. Panya anapewa matone. Je, yeye ni sawa na panya wangapi?

Jua lilipozama, sufuria ya majani ya kando ya mfereji ilikuwa jikoni inachemka.

"Unapika nini, shamba zima?" mumewe alishangaa.

"Dawa. Imejaribiwa kwa panya."

"Kwani wewe ni panya?"

"Mimi ni panya mkubwa. Nimeongeza vipimo."

"Na vidonge umeacha?"

"Niache kwa nini? Vikisaidiana na majani, kazi itakwisha mapema."

Alikunywa asubuhi na jioni. Siku zilizofuata zilipita kama anaziona kutoka chini ya maji. Sauti zilitoka mbali. Pini iliyomponyoka ilichukua muda mrefu kufika sakafuni, na sakafu yenyewe ilitikisika kama kitambaa kwenye kamba. Alijiambia dawa imeanza kufanya kazi. Kisha akaenda chooni, akaona haja yake ni nyeusi kama lami.

Alimnong'oneza mumewe. Mumewe hakungoja, alikwenda kugonga mlango wa pili.

Mama Panya alimtazama fundi viganja, vikiwa vimepauka. Aliiona sufuria. Alisikia habari ya vidonge.

"Twende hospitali sasa hivi, dada. Weusi huo ni damu. Tumbo linavuja."

"Ngoja nimalizie pindo..."

"Pindo litakungoja. Damu haingoji."

Hospitalini waliingiza kamera nyembamba kupitia kooni. Walikuta kidonda kinachovuja, wakakiziba. Fundi aliongezwa damu, akalala. Pazia la wodi lilivuta pumzi likazitoa. Mara alikuwa macho, mara hayupo. Wakati wa kuona wagonjwa aliwakuta mumewe na jirani wameketi kando ya kitanda.

"Lakini panya wako hawakuumwa tumbo," alisema kwa sauti ndogo.

"Nilikuachia habari nusu," alijibu Mama Panya. "Ulipimaje?"

"Kama kielelezo cha nguo. Nilikuza."

"Nguo inakuzwa. Dozi haikuzwi hivyo. Mwili wa panya unakwenda mbio. Moyo wake unapiga haraka kuliko wako, na dawa anaivunja na kuitoa upesi. Kwako wewe inakaa. Ukizidisha dozi ya panya kwa uzito wako tu, unajipa mara kadhaa zaidi ya inayofaa."

"Na majani?"

"Panya hawakupewa maji ya sufuria. Tulichuja, tukapima kwa mizani. Jani la msimu wa mvua na jani la kiangazi hayana nguvu sawa. Isitoshe, hatujui yakikutana na vidonge vyako yanafanya nini. Pengine yanazuia damu kuganda. Hatujui, ndiyo maana tunapima."

Mpaka rangi alikuna kichwa. "Basi shemeji, panya wanateseka bure?"

"Si bure. Panya anatuambia kama kuna sababu ya kuendelea. Hasemi kwamba watu wanywe. Baada yake tunachunguza sumu, tunaangalia ini na figo, tunarudia kwa mnyama wa aina nyingine. Kisha wanakuja watu wachache waliokubali wenyewe, wakiangaliwa na madaktari. Mimea mingi huishia njiani."

"Na maumivu yao?" fundi aliuliza.

"Ipo kamati inayotuhoji. Kwa nini panya wengi hivi? Maumivu yatapunguzwaje? Tukishindwa kujibu, hatuanzi."

Daktari alivikomesha vile vidonge. Vipimo vya damu na picha za mikono vilionyesha kwamba kinga ya mwili ilikuwa inashambulia viungo. Vidonge vya dukani vilipunguza maumivu tu, huku viungo vikiendelea kuliwa. Alimwandikia dawa ya ugonjwa wenyewe na nyingine ya kulinda tumbo, akampangia siku za kliniki.

"Usimeze dawa ya maumivu bila kuniuliza," alisema. "Na ukinywa jani lolote, hata moja, niambie."

Dawa hiyo haikuwa na haraka. Majuma yalipita, fundi akakata tamaa, akarudi kliniki, akaambiwa avumilie. Hatimaye uvimbe ulianza kushuka, na joto likatoka kwenye viungo. Shati likapata mikono yake. Utafiti wa majani bado ulikuwa unaendelea, na hakuna aliyejua utaishia wapi.

Siku moja alimwita jirani yake dirishani.

"Panya wako wanalalia nini?"

"Karatasi iliyochanwa. Kwa nini?"

"Nataka niwashonee kitu. Na wao walipimwa uvimbe, kama mimi."

Mama Panya alifikiri kidogo. "Kiwe cha pamba tupu, kisichotiwa rangi. Na uzi usining'inie hata mmoja. Uzi unaweza kumfunga panya mguu. Nitawaonyesha kwanza wanaowatunza."

Fundi alikata vipande vidogo vya mraba. Akapinda pindo kwa mkono, mishono midogo iliyokaribiana, kazi ambayo kwa muda mrefu hakuthubutu kuigusa. Alipomaliza kila kimoja alikiinua kwenye mwanga wa dirisha na kukizungusha. Uzi ulioning'inia hakuuona.