Ganzi ya Karafuu

Kila alfajiri, kabla mama yake hajaamka, Lubaba alichovya pamba kwenye mafuta ya karafuu ya bibi yake, akaibana juu ya gego la chini lililokuwa likimuuma. Kinywa kikishakufa ganzi, alivaa sare akaenda shule, macho mazito kwa usingizi alioukosa. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini alikuwa amechoka kama mtu mzima.

Kumwambia mama hakutaka. Mama yake, Sabira, alimuuguza bibi usiku na kushona nguo mchana, hata siku nyingine alisinzia ameketi, sindano mkononi. Kumwongezea mzigo wa nini? Na maumivu si yalikuwa yakiondoka?

Nyumbani kwao, Mji wa Kale, familia yote hula kwenye sinia moja. Huanza kwa kuonja chumvi, kisha kila mmoja hula upande wake. Jioni moja wenzake walimaliza, ila wali wa mbele ya Lubaba ulibaki pale pale.

"Mbona upande wako haupungui?" mama aliuliza.

"Nimeshiba, mama."

"Jana ulishiba, juzi ulishiba. Hebu nitazame." Mama alimshika kidevu. Shavu lilikuwa limevimba, na pumzi ilinukia karafuu. "Mwanangu, kumbe unaumwa," alisema kwa sauti ya chini.

Kesho yake daktari wa meno, Everlyne, alimdunga sindano ya ganzi karibu na jino. Wakangoja. Daktari alipoligusa gego, machozi yalimtoka Lubaba.

"Daktari, nasikia maumivu yote."

"Nilihofia hivyo," daktari alisema. "Seli ya neva imevikwa utando mwembamba wenye vilango vidogo, na habari ya maumivu hupita humo. Dawa ya ganzi hupenya utando, ikavishika vilango, habari ikakwama. Karafuu nayo hufanya kazi inayofanana na hiyo. Lakini hapa pana usaha, na palipo na usaha pana asidi. Kwenye asidi, dawa nyingi hushindwa kupenya ule utando."

"Lakini karafuu iliniponya," Lubaba alinong'ona.

"Haikukuponya. Ilimlaza bawabu, mwizi akaendelea kuiba."

Alimdunga tena, mbali na uvimbe, na sasa ganzi ikashika. Gego lilikuwa limeoza hadi mizizini, ikabidi ling'olewe. Halingeota jingine. Lubaba alililia jino lake kimyakimya.

Wakirudi, mama alitembea polepole, amemshika mkono. "Uchovu wangu usikufunge mdomo," alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nikichoka nitapumzika. Wewe ukiumwa niambie mapema, dawa ingali na njia ya kupita."

Jioni ile chumvi ilipomfikia, Lubaba hakuigusa.

"Mama, pengo linanichonyota."

Mama, aliyekuwa amechoka vile vile, alimsogezea maji, akaanza kumpoozea wali.