Jukwaa Lililopiga Hodi

Pweza aliinua mguu wake wa kwanza, na maji ya bahari yakaporomoka kutoka kwenye chuma kile kama mvua ya masika. Alikuwa jukwaa-tembezi, mtambo wa miguu minane uliotembea juu ya sakafu ya bahari, mbali na pwani ya Mtwara, ukisimika minara ya umeme wa upepo. Mgongoni alibeba watu na roboti, jiko, zahanati na hata kiwanja cha netiboli. Mguu uliposogea mbele na kukaribia tope, ulisimama, ukatoa sauti ya mwanamke iliyopenya majini.

"Hodi!"

"Karibu!" kilijibu chombo kilichokaa topeni, chenye umbo la sufuria, ambacho wafanyakazi walikiita mwenyeji. Wapiga mbizi walikitega kila mahali ambapo mguu ungekanyaga. Kazi yake ilikuwa kupapasa tope na maji ya jirani, na pakiwa salama, hujibu. Mguu ukashuka taratibu.

Sauti ile ilikuwa ya Kapteni Somoe Likwata, na wazo la mguu kubisha hodi pia lilikuwa lake. Siku alipopanda meli yake ya kwanza, mabaharia walimwuliza chai iko wapi. Akawaonyesha jiko lilipo, akaenda zake kwenye winchi. Kutoka winchi akawa msimamizi wa sitaha, kisha naibu, kisha nahodha, na wale wale waliodai chai wakawa wanasimama akiingia.

Siku hiyo chumba cha uongozaji kilijaa wageni. Kampuni ilikuwa ikitafuta mkuu wa majukwaa yote, na ofisi yake ingekuwa Mtwara mjini. Somoe aliitaka kazi ile kwa roho yake yote, wala si kwa ajili ya cheo. Mkuu hulala nyumbani kwake. Binti yake Salha alikuwa mtoto wa chekechea mama alipoanza kazi ya bahari, na sasa alikuwa mwanamke mzima.

Mwamuzi wa uteuzi alikuwa Mkurugenzi Mahundi, mhandisi hodari asiyependa kusubiri.

"Kapteni," alisema akitazama saa, "tunatembea au tunatembelea? Kila mguu hodi, kila mguu hodi!"

Wageni wakacheka, Somoe naye akacheka. Miguu mitano ilikuwa imekwisha kukanyaga. Wa sita ukafika mahali pake.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!" Kimya. "Hodi!"

Hakuna aliyeitika. Mguu ukafanya kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu: ukageuka, ukarudi juu.

Mahundi alikitazama kioo cha ramani-hai. Kila mpiga mbizi alivaa mkanda uliomwonyesha pale kama nukta ya kijani, na chini ya mguu wa sita hapakuwa na nukta hata moja.

"Hicho kisufuria kimekufa," alisema. "Bonyeza Lazimisha, tuendelee."

"Mkurugenzi, tumebisha na hatukuitikiwa."

"Tuitikiwe na nani? Na tope?"

"Nyumba ikiwa kimya haimaanishi ni tupu," Somoe alisema. "Pengine mwenyewe anavaa."

Akaweka kiganja chake juu ya kile kitufe, asiweze mtu kukigusa.

"Kapteni, wageni wanatazama," Mahundi alisema kwa sauti ya chini. "Na mimi natazama."

Somoe alielewa vizuri anachoambiwa. Aliuona mlango wa nyumba yake ya Mikindani ukienda mbali tena, na moyo ukamuuma. Hata hivyo hakuondoa mkono. Akaamuru roboti mpiga mbizi ateremke kuchungulia.

Roboti alipanda na mtu. Alikuwa Asinati Ngonyani, mpiga mbizi ambaye kila mmoja alidhani amekwisha kurudi juu na wenzake. Alikuwa amekumbatia kile kisufuria kifuani kama mtoto mchanga.

"Wavu mkuukuu ulininasa mguu," alisema akihema, walipomvua kofia. "Nikaupigania mpaka mkanda ukazimika, na redio nayo. Mara nasikia hodi juu ya kichwa changu! Nikasema, Asinati, leo usimkaribishe mtu! Nikakumbuka mkono wa mtu ukiwa juu ya chombo hiki, hakijibu. Nikakishika!"

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko na machozi.

"Mngoni we!" Somoe alimkumbatia na maji yake yote. "Nani aliwaambia watu wa Songea waje baharini?"

"Nyie wa pwani mnaogopa kulowa, Kapteni. Ndiyo maana tumekuja."

Mahundi alikuwa ameketi, miwani mkononi. Aliona aibu, wala hakuificha. "Mguu wa sita haujakanyaga bado," alisema hatimaye. "Mkuu wa majukwaa, uambie ubishe tena."

Chombo kikategwa upya. Mguu ukabisha, na safari hii chumba kizima kiliitika pamoja na kisufuria: "Karibuuu!" Vigelegele vikafuata.

Jioni, boti-ruka lilimshusha Somoe Mikindani. Alifika kwenye mlango uliopakwa rangi asiyoijua. Funguo alikuwa nazo, ila kitasa kilikuwa kipya. Akasimama hapo, yeye aliyeufundisha mlima wa chuma adabu.

"Hodi!"

"Nani?" Sauti ya Salha ilitoka ndani, na haikumtambua. Hilo lilimchoma kuliko alivyotarajia.

"Ni mimi."

Mlango ukafunguliwa. "Mama! Tangu lini mwenye nyumba akabisha hodi kwake?"

"Tangu nilipoanza kuja kama mgeni," Somoe alisema, akicheka na kulia. "Nimerudi, mwanangu. Nimerudi kukaa."

Salha alimtazama kwa kitambo, kama anayepima tope. Kisha akatabasamu, akapisha mlangoni.

"Basi karibu, Mama."

Ndipo Somoe alipoinua mguu, akakanyaga ndani.